Chuma cha Nassibu wa Chumbi

Enyi mnaotwanga na mnaopepeta, tueni michi, tegeni masikio! Kwa idhini ya Mola nawasimulia vita vya Nassibu bin Seleman, simba wa Chumbi, mtisha ndege, mng'oa magugu, alivyopigana na adui asiyeonekana juu ya kitalu cha mpunga kisichozidi upana wa mikeka minne.

Kitalu hicho alikiotesha mahali pa juu, pakavu, akakilisha mbolea ya CAN kwa mkono wa ukarimu. Siku ya kumi majani machanga yakageuka manjano. Nassibu akahesabu siku kwa vidole, maana Jumamosi ya pili ilikuwa zamu yake ya ujima: watu ishirini wangeshuka bondeni kumpandikizia shamba zima. Asiye na miche siku hiyo hupelekwa mkiani mwa orodha, na zamu ya mkiani hukuta maji ya mto yameshatangulia shambani. Aliona aibu, na hofu ikaipita aibu.

Ndipo akafika Safina, bibi shamba, juu ya pikipiki yenye ngurumo ya jeshi zima. Akaamkia shikamoo, akainama, akachuma jani, akatamka: "Mzee Nassibu, mpunga wako umekosa chuma."

Hakumaliza. Shujaa alikuwa keshatimua mbio nyumbani, na wallahi hakuna sultani aliyepata kukusanya silaha upesi namna ile! Akafukia kitaluni misumari nusu kopo, mnyororo wa baiskeli, panga butu, bawaba za mlango wa choo. Kisha akalichomoa jino la mbuzi ya kukunia nazi ya mkewe, akalizika katikati kwa bismillahi.

Siku tatu zikapita. Mpunga ukazidi umanjano, mlango wa choo ukawa wa kushikwa kwa mkono, na mboga zikaliwa chukuchuku. Muzdalifa, mkewe, akasimama uani, majirani wote wakimsikia, akahutubia:

"Baba Twalha! Nilikuvumilia ulipogombea uenyekiti wa mfereji ukapata kura yako peke yako. Lakini tui sina siku ya tatu leo! Mpigie simu yule binti, umsikilize mpaka mwisho. Mpaka mwisho, nasema!"

Safina akarejea, akaonyeshwa ghala la silaha lililozikwa, akacheka hadi akakaa chini.

"Mzee wangu, chuma udongoni kimejaa tele, tazama mfereji ulivyo na kutu. Ila mpunga haukipati. Hiyo CAN, nusu ya naitrojeni yake ni naitreti. Mzizi ukiila hiyo, udongo unaouzunguka unapungua uchachu, chuma kinagoma kuyeyuka. Upe mbolea ya SA, ile naitrojeni yake ni ya amonia. Mzizi ukiila hiyo, pembeni yake panachachuka kidogo, chuma kinalegea, kinaingia. Na kitalu ukinyweshe, mzee, pamekauka mno."

"Kumbe chakula kimoja ndicho kinachokifungulia kingine njia?" akauliza Nassibu, sauti imemfifia.

"Ndiyo hivyo. Na misumari yako itachoma watu miguu, ila usiichimbue sasa, utakata mizizi."

Nassibu akarusha SA kiganja kwa kiganja, akapandisha ndoo arobaini za maji, mgongo ukilia. Asubuhi ya sita akaona jani moja jipya, la katikati, la kijani. Akalipigia magoti na kulia kama mtoto, wala hakujificha.

Jumamosi watu ishirini wakashuka. Kila fungu la miche lililong'olewa likatoka na msumari wake. Mwanamkuu, kiongozi wa ujima, akaopoa bawaba, akaitazama, akailaza tutani kwa heshima. Nassibu akapanda juu ya tuta, akanyoosha mkono: "Enyi watu wa Chumbi! Leo mimi, kwa akili yangu..."

Muzdalifa akainuka kutoka kitaluni na jino la mbuzi lenye kutu, akalifuta kwa kanga, akaliinua juu watu wote walione.

"Mpunga umepata chuma chake," akasema, "na mimi nimepata changu. Hotuba utaimalizia huku unakuna nazi."

Basi na iandikwe katika tarehe za Chumbi, wajukuu waisome: siku hiyo shamba la Nassibu lilipandikizwa lote kabla ya maji, watu ishirini wakala wali wa nazi aliyoikuna yeye, na ilipofika alasiri mlango wa choo ulifungika.