Wanafunzi wa Kuazima

Jumatatu, 8 Oktoba 2001
Ushindi! Mama mmoja wa ofisi ya wakimbizi ya kule City Centre, Lilongwe, atafika hapa kambini Dzaleka Ijumaa kukagua darasa langu la mchana. Nina watoto sita ambao shuleni huachwa nyuma. Wakitoka huko nawafundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati, hapa ninaposhonea nguo. Mgeni akiridhika, mabati tutapata. Asiporidhika, mvua ya kwanza itatutawanya, na Orpa, mmoja wao, atarudi kufungiwa ndani peke yake hadi mama yake atoke sokoni. Ana miaka tisa! Sitakubali. Régine wa kwaya naye ameomba mabati hayo hayo. Ana mkeka mmoja na sauti kubwa.

Jumatano, 10 Oktoba
Nimemwomba Orpa vifungo vitano. Akaweka kimoja, akatabasamu. Tumerudia mara ishirini. Vitatu! Kwa furaha nimeunguza suruali ya mteja. Lakini mgeni ataridhika na vitatu? Nimepata dawa: nitaazima wakali sita wa darasa la sita. Wangu watakaa nyuma ya kanisa na biskuti.

Alhamisi, 11 Oktoba
Fundi mwenzangu Ambroise ameuliza kama mgonjwa akiitwa na daktari hupelekwa mtu mzima wa afya. Wivu tu.

Ijumaa, 12 Oktoba
Wakali wamemwaga Kiingereza na Kifaransa. Cadeau hata amemsahihisha mgeni! Mama yule amenipongeza sana, kisha akasema watoto hawa hawahitaji msaada wowote. Akaondoka.

Kumbe wangu walimaliza biskuti, jua likawachoma, Régine akawaita kwake. Mgeni alipopita huko akamkuta Orpa mkekani na vifungo vyangu. Akamwomba vitano. Orpa akaweka vitano! Mabati amepewa Régine. Nimelia kwa hasira, halafu nikalia kwa ajili ya vile vitano.

Jumapili, 14 Oktoba
Baada ya ibada Régine akanifuata: "Adolphe, batoto njo bako. Kuya tu ubafundishe kwangu, nafasi iko."

Niende kuwafundisha wangu kwake, chini ya Régine? Nimesema nitafikiri. Mgeni atarudi mwezi ujao, na safari hii nimejipanga: nawafundisha wakali wangu kutojua kitu. Cadeau ni mgumu, kila nikimwomba vitano anaweka vitano. Nimemkalisha kando ya Orpa aige kukosea. Orpa amehesabu vifungo vyake, akahesabu na vya Cadeau, akanitazama kama yeye ndiye mwalimu. Vitano kwa vitano, vyote vilikuwa sawa. Kesho nitamtafuta mwingine wa kuigwa.