Jumamosi ya Kwenda Amerika

Jumanne, 8 Juni 1965
Madam, mwalimu wetu mkuu, ametangaza mbele ya shule nzima. Shule moja ya Amerika imeshirikiana na yetu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu atasoma huko mwaka mzima, akae kwa wenyeji, alishwe, arudi. Mmoja tu! Bi Waller wa shule hiyo anakuja Ijumaa kutuhoji, wasichana wanne. Nimeanza kuvaa sweta la sufu mchana, mwili uzoee theluji. Homa Bay leo inachemka. Mlezi wa bweni aliona jasho, akanipa kwinini.

Jumatano, 9 Juni
Kizuizi ni Mellen Kerosi wa Kosele, kitanda jirani. Kiingereza chake kinateremka kama uji. Nimewaza sana nikifua. Mellen ni Msabato. Jumamosi hagusi kalamu. Basi! Nikamweleza Madam kwa unyenyekevu kwamba Ijumaa ng'ombe wa mnada hupita nyuma ya madarasa wakilia, mgeni hatatusikia. Jumamosi ni kimya. Akasema nina busara kuliko umri wangu. Nilijua.

Alhamisi, 10 Juni
Imetangazwa kwamba mahojiano ni Jumamosi. Mellen alikunja blanketi lake polepole, akasema basi haikuwa yake. Hakulia. Nililia mimi kidogo, kwa niaba yake. Kisha nikajizoeza kula kwa uma. Ugali umekataa.

Jumamosi, 12 Juni
Nimejibu vizuri mno. Bi Waller akauliza msichana wa nne yuko wapi. Nafasi hiyo! Nikasema Mellen yuko kanisani, na hata apewe Amerika nzima hawezi kuivunja Sabato. Nikaongeza kwamba mwaka jana alikataa mtihani wa hesabu siku hiyo, akapewa sifuri. Ndivyo alivyo, habadiliki. Nilitaka mlango ufungwe kabisa. Bi Waller akavua miwani, akaifuta. Nikadhani ni vumbi. Akaomba gari limpeleke kanisani. Alingoja huko mpaka jua likazama na Sabato ikaisha, ndipo akamhoji Mellen kwenye ngazi. Wamerudi wameketi pamoja, wanaimba.

Jumatatu, 14 Juni
Ni Mellen.
Madam ameiambia shule kwamba kuna msichana aliyemtetea mwenzake huku akishindania nafasi ileile. Nimepigiwa makofi. Mellen akanishika mikono.
"Nyaboke, dada yangu, hata ndugu wa tumbo moja hangenifanyia hivi."
Kisha akauliza, kwa kuwa mimi sendi, kama angeweza kulichukua lile sweta. Shule nzima ilikuwa inatazama. Nimempa.
Mlezi wa bweni amefurahi. Anasema homa imenitoka.

Jumatano, 16 Juni
Madam anasema Bi Waller atarudi mwakani. Nimekwenda kwa Mchungaji Onsongo wa kanisa la Mellen kuuliza mtu hukaa muda gani kabla ya kubatizwa Msabato. Akauliza nini kimenivuta. Nikasema ni ule uthabiti. Akaguswa sana. Baba ni Mkatoliki, na cherehani yake pale Rodi Kopany ilibarikiwa na padre. Nitamwambia baadaye, akiwa amekula.
Mwakani nitakataa kuhojiwa. Nitakataa kwa upole, mbele ya watu, kisha nitaketi kwenye ngazi za kanisa mahali ninapoonekana kutoka barabarani.
Nikirudi nilipita ofisini kumkumbusha Madam juu ya wale ng'ombe wa Ijumaa.