Buibui Wangu Arobaini

Jumatatu, 4 Machi
Leo shemeji kapigiwa makofi. Mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe hapa maabara! Kachukua jeni ya buibui, kaidunga kwenye mayai ya nondo wa hariri, viwavi wametoka, na chini ya taa ya buluu macho yao yanang'aa mekundu. Eti ndiyo dalili kwamba jeni imeingia na hariri yao itakuwa imara kama uzi wa buibui. Mimi nimewakatia viwavi hao majani ya mforosadi miaka kumi na moja. Nani kanipigia makofi? Ijumaa mkutanoni mkurugenzi atatangaza mkuu mpya wa chumba cha viwavi. Wivu? Sina. Ila chakula cha mchana hakikushuka.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Ya nini kumhangaisha kiwavi atoe uzi wa buibui, na buibui wenyewe wapo? Nimekusanya arobaini: stoo, chooni, nyuma ya kabati. Wote ndani ya boksi moja, chumba cha wageni, matundu ya hewa nimetoboa kwa sindano. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ataniheshimu Ijumaa. Akasema mbona mdogo wake hahangaiki hivi. Nimesusa chai.

Jumatano, 6 Machi
Ishirini na sita tu! Kumi na nne hawapo! Jana jioni nani alikuja kumsalimu dada yake? Shemeji. Nani aliomba kwenda msalani, mlango unaofuata chumba cha wageni? Yuleyule. Mwizi wa buibui! Nimetia boksi kufuli.

Alhamisi, 7 Machi
Tisa! Na kufuli liko salama. Kachonga ufunguo, hana haya hata kidogo. Kazini kaniamkia shikamoo kwa sauti tamu, nikaitikia shingo upande. Mmoja wa waliobaki amenenepa kweli, tumbo kama zabibu. Angalau matunzo yangu yanaonekana.

Ijumaa, 8 Machi
Amebaki mmoja. Nimebeba boksi hadi mkutanoni, nikamnyooshea shemeji kidole mbele ya wote: arudishe buibui wangu thelathini na tisa! Mkurugenzi kachungulia boksini, kauliza kama nilihudhuria mafunzo ya siku ya kwanza. Nilihudhuria. Nilisinzia. Shemeji, kwa heshima yake ile inayoniudhi, kaeleza kwamba buibui hulana, hawafugiki pamoja, na ndiyo maana jeni yao hupelekwa kwa viwavi. Watu wamecheka mpaka wakashika meza.

Mkurugenzi kafungua bahasha. Kasema jina lililoandikwa humo lilikuwa langu, kwa miaka kumi na moja ya kazi bila fujo. Kalikata kwa kalamu, kaandika la shemeji. Nimelia chooni, nakiri.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja kuniomba radhi, eti hakuutaka huo ukuu, eti atanisemea kwa mkurugenzi. Mnafiki! Hulana! Mbona huyu wangu mmoja hajaliwa? Mzima, ana afya, kanona. Ushahidi huo hapo.

Nimemchungulia boksini, kajikunyata pembeni peke yake. Nimemwonea huruma. Nimempelekea wenzake ishirini, na mlango wa chumba cha wageni nimeupigilia misumari. Tuone shemeji atapita wapi.