Kibao Kikubwa Kuliko cha Lorraine

Jumamosi, 3 Julai 2004. Kilburn, London.

Nimeahidi. Kwa simu, kwa mama mkwe mwenyewe, spika imewashwa na ukoo mzima wa Unguja unasikiliza! Magoti yamemkatalia safari. Hatafika kwenye harusi ya mjukuu wake Afnan, na hii ni mara ya kwanza bi harusi wa ukoo ule kupakwa hina bila yeye kuwepo. Alikuwa analia. Nikajikuta nasema: mama, nitakuchorea maua yako ya hina kwa kompyuta, yafunguke yenyewe, moja moja, juu ya mikono ya Afnan. Utayaona kwenye televisheni hapo hapo kitandani. Kisha akamuuliza mke wangu Mwanabaraka kama nina homa.

Miaka kumi na minne ananiita "huyo wako". Sasa atanijua. Siku ya hina ni tarehe kumi na sita, muda upo tele. Kinachokosekana ni kibao cha kuchorea, kile kinachounganishwa na kompyuta, pamoja na kalamu yake. Na kujua kuchora, lakini hilo kibao kitasaidia.

Jumanne, 6 Julai.

Kingsbury, dukani kwa Kanti. Mzaliwa wa Mombasa, anauza kompyuta mlango wa pili kutoka duka la jalebi. Akanipangia vibao vitatu mezani. Akasema nisitazame ukubwa. Kikubwa kinachosha bega, anayeanza kinamtosha kidogo. Nitazame kwanza kama waya wake unaingia kwenye kompyuta yangu, na kama kalamu ni ya kibao hicho kweli. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Mjanja huyu! Anataka kunisukumia vidogo vilivyomdodea.

Nikiwa naondoka akaniambia kuwa Lorraine alinunua chake hapo hapo mwaka jana. Lorraine ni jirani yetu wa juu, Mkenya, nesi, na mwisho wa wiki hupiga video za harusi. Mwanabaraka anamsifu mpaka nakosa hamu ya chakula. Basi kibao cha Lorraine nimekiona: saizi ya postikadi. Anachora nini humo, stempu?

Nimepiga hesabu. Changu kitakuwa kikubwa mara nane.

Alhamisi, 8 Julai.

Nimekipata! Peckham, kwa Telesphor, ambaye hukusanya vitu vya ofisi zinazofungwa. Kilikuwa cha msanifu majengo. Ukikiweka mapajani huoni miguu yako. Nikauliza kama kalamu ni yake. Telesphor akachomoa moja kutoka kwenye kopo lenye kalamu nyingi, akasema sasa ni yake. Nilipenda alivyojiamini.

Basini kilikaa kiti cha peke yake. Mama mmoja akaniuliza kama nimebeba mlango wa friji. Watu hawajui sanaa.

Jumamosi, 10 Julai.

Waya una kichwa chenye matundu tisa. Kompyuta yangu haina pa kukiingiza. Jambo dogo. Nimerudi kwa Kanti, akaniuzia adapta bila kusema neno. Jinsi alivyonyamaza iliniudhi sana.

Lakini taa imewaka! Ya kijani! Nikamwita Mwanabaraka aje aone. Akauliza kibao kinafanya nini. Nikamwambia kinawaka. Akarudi jikoni.

Jumatano, 14 Julai.

Kalamu haisemi na kibao. Nimebonyeza, nimesugua, nimesubiri. Nimejaribu kalamu ya wino, kijiko, rimoti. Kanti ameitazama mara moja tu: kalamu hii ni ya kampuni nyingine, haitasikilizana na kibao hiki hata siku moja, na ya kwake halisi haitengenezwi tena. Ameyasema kwa upole, ndiyo maana yameuma.

Jioni Lorraine ameteremka kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu niko hatua za mwisho.

Alipoondoka, Mwanabaraka akazima televisheni. "Mwadini, mama halali. Kila anayeingia kumtazama anamwambia ataona maua yake. Mimi unaweza kunifanyia mzaha, nimeshazoea. Mama yangu usimfanyie."

Niliona aibu, aibu ya kweli, hata wali sikumaliza.

Ijumaa, 16 Julai.

Nimefukuzwa kwangu tangu asubuhi. Hina ni ya wanawake. Nimeswali Ijumaa, nimekaa kituo cha basi, nimesoma gazeti la jana. Saa kumi na mbili nikaruhusiwa kuingia.

Kibao changu kimejaa madoa ya hina! Mwanabaraka alihitaji kitu kipana cha kulaza mikono ya Afnan, na nyumba nzima hakuna kitu kipana na kilichonyooka kama kile. Juu yake Lorraine alisimamisha kamera. Mwanabaraka anachora jani moja, anaondoa mkono wake, Lorraine anapiga picha. Jani lingine, picha nyingine. Zaidi ya mia nne! Afnan hakuruhusiwa hata kujikuna pua.

Lorraine akazipanga kwenye kompyuta, akaziendesha mfululizo. Maua yakafunguka yenyewe, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mwisho, kwa kile kibao chake cha postikadi, akaandika jina la mama mkwe polepole: Bi Mwanakheri. Sikujua mke wangu ana mkono kama ule. Nimelia kidogo, nakiri.

Ieleweke lakini kwamba vibao vilivyotumika ni viwili. Changu ndicho kilichobeba uzito.

Jumapili, 1 Agosti.

Diski ya video imefika Unguja. Mama mkwe amepiga simu. Ameitazama mara saba, ameita majirani, amemwombea dua Lorraine mpaka wajukuu wake. Yeye na Mwanabaraka wamelia pamoja nusu saa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, akaniita nije kwenye simu. Mimi!

"Mwadini, lile sinia chini ya mikono ya Afnan ni la nani?"

Nikamwambia langu, mama.

"Pana. Zuri." Akakata.

Amenitaja kwa jina! Jambo liko wazi: ukubwa ndio uliofanya kazi, Kanti aseme atakavyo. Nimempigia Telesphor papo hapo. Anacho kingine, cha wapima ardhi, kina miguu minne na ni kikubwa kama kitanda. Kalamu hakina, waya hakina. Nimemwambia asimuuzie mtu, nakuja Jumamosi na gari la kukodi.

Mwanabaraka anauliza sisi tutalala wapi. Namsamehe. Amekaa sana na Lorraine, hata mawazo yake yamekuwa saizi ya postikadi.