Kipaza Sauti Ulichosahau Kunizaa Nacho

Sudi Nachundu,
Barazani kwa Mzee Zainulabedin,
Chikongola, Mtwara.

Kwa Mama yangu mzazi, Bi Fatuma,
Mahurunga.
(Msomaji ni dada Riziki. Asiruke mstari.)

YAH: MAOMBI YA NUSU YA KIPAZA SAUTI

Mama yangu, shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya dada Riziki anayekusomea, ili asome kwa moyo mweupe, maana huko mbele nitamtaja.

Mimi ni mzima, mwili hauna shida, shida ni hii nayoandika. Najua utashangaa, mtoto ana simu halafu anaandika barua kama watu wa zamani. Mama, tuambizane ukweli. Nikikupigia nikasema "mama nimekutumia", tunaongea vizuri mpaka nasikia mbuzi wanavyocheua. Nikisema "mama naomba", mtandao wa Mahurunga unakatika palepale, siku zote, mvua inyeshe isinyeshe. Barua haina mtandao. Barua ukiishika umeishika.

Kama unavyojua, mwanao nauza dawa ya panya, kunguni na mende. Ni kazi ya heshima, ila ni kazi ya mdomo. Sasa kuna kidude kinaitwa kipaza sauti, kina mkanda wa kuvaa begani. Unakisemea mara moja tu, kinashika maneno, halafu kinatangaza chenyewe kutwa nzima wewe umekaa pembeni unamenya viazi vyako vya ming'oko. Hicho ndicho nachotaka. Nusu ya bei nimeshampa Mzee Zainulabedin, mwenye duka ambaye mimi nauzia barazani kwake. Amekiweka juu ya kabati, amekibandika karatasi imeandikwa SUDI. Nusu iliyobaki, mama, ni ya kwako, na sababu zangu ni hizi.

1. Sauti uligawa vibaya. Wewe mwenyewe Mungu amekupa sauti, hilo hakuna anayebisha. Ukiita mbuzi wako, mbuzi wa Msumbiji ng'ambo ya mto wanainua vichwa. Jioni ulikuwa unasimama mlangoni unapiga ile ya kwako, "Sudiii! Huna kwenu weweee?", mpaka watoto wa ng'ambo walikuwa wanatoka mtoni wanarudi makwao. Sasa sauti yote hiyo umempa nani? Riziki. Alitangulia kuzaliwa akabeba yote, mimi nikakuta mabaki. Na yeye anaifanyia nini? Anagombana na kuku. (Riziki, endelea kusoma, ndio kwanza namba moja.)

Mama, mtu akinunua redio akafika nyumbani ikawa haina spika, anairudisha dukani anapewa yenye spika. Mimi sijasema nirudishwe. Nina miaka ishirini na sita, sitaenea. Nimesema naomba spika tu.

2. Lukasi. Huyu ni kijana mwenzangu, anauza dawa ile ile, bei ile ile, amekaa ng'ambo ya barabara ananitazama. Yeye kipaza sauti anacho. Kuanzia asubuhi kinasema, "Panya! Mende! Kunguni! Kiroboto! Leo ndio mwisho wao!" Kinarudia, kinarudia. Lukasi akienda chooni kinauza. Akienda kunywa chai kinauza. Jana alilala kabisa, mdomo wazi, inzi anaingia anatoka, watu wanaweka hela wenyewe wanachukua pakiti. Mimi hapa nimesimama, macho makavu, nimevaa shati la mikono mirefu, sijauza kitu. Ikafika mahali na mimi nikavuka barabara kumuulizia bei. Nikakumbuka mbele yake kwamba dawa ninayo.

3. Macho. Hili wewe huwezi kulijua kwa sababu hujauza dawa ya kunguni mjini. Mtu akitangaza kwa mdomo, mdomo uko jirani na macho, na macho lazima yaangukie mahali. Juzi nimeita "Dawa ya kunguniii!", macho yakamwangukia mama mmoja wa Rahaleo, amependeza, baibui inang'aa, marashi yanatangulia. Akasimama. "Umewaona wapi?" Nikamwambia nani, mama? "Hao kunguni. Umewaona wapi kwangu?" Nikasema mama mimi natangaza tu. "Mbona hukumtangazia yule mwenye ndoo? Kunguni wako kwenu, mbwa wewe, na godoro lenu wanalikokota!" Watu wakajaa, ila hakuna aliyenunua, maana nani atanyoosha mkono pale?

Nikasema basi, nitatangaza nikiangalia juu. Nikaangalia juu, na watu nao wakaangalia juu. Walipoona hakuna kitu wakaenda zao. Siku ya pili nikaamua kunong'ona. Napita karibu na mtu, nasema taratibu, "Ipo dawa." Mgambo wawili wakanishika, wakanipekua mpaka ndani ya soksi. Walipokuta ni ya panya walichukia kweli.

Sasa kipaza sauti, mama, hakina macho. Kinasema kunguni na hakimtazami mtu. Kina adabu kuliko mimi.

4. Hapa ndipo penye moto. Mzee Zainulabedin ni mtu mzuri, hanidai kodi ya baraza, masharti yake ni kwamba watu wakija kwangu waone na duka lake. Sasa Jumatatu ametoka nje na kikombe cha chai, akatazama kwa Lukasi, akanitazama mimi. Akasema, "Sudi mwanangu, kule watu wamejaa kama kuna harusi. Hapa kwangu umekaa wewe na panya wa kwenye pakiti. Nipe sababu nisimwite Lukasi avuke." Akanipa mpaka Jumamosi. Nikiwa bado sina watu, baraza anapewa Lukasi.

Baraza likienda, mama, mimi pa kwenda ni mahali pamoja tu. Narudi Mahurunga, nakaa kwako, nakula kwako. Unanikumbuka navyokula. Mwaka ule nilipokuja kupumzika mwezi mmoja ulianza kuficha sufuria kwa jirani. Sikutishi. Nakukumbusha tu.

5. Usidhani ni faida yangu peke yangu. Siku nikija kukusalimia nakuja nacho. Wewe unakisemea mara moja, kwa hasira yako ile ya kawaida, halafu tunakitundika shambani. Kiboko akitoka Ruvuma kufuata mpunga anakukuta. Nguruwe akija kwenye mihogo anakukuta. Kutwa kucha upo shambani unagomba, na huku upo ndani umelala. Hakuna mnyama wa kule asiyekufahamu. Na Riziki akichelewa kuchota maji tunakigeuza kinamtazama yeye.

6. Sasa utasema hela sina. Mama, hela unayo, inatembea uani, ina mkia mwekundu. Namzungumzia jogoo wako, Mwenyekiti.

Naomba usikasirike mpaka nimalize. Mwenyekiti kazi yake ni nini pale nyumbani? Hatagi. Halimi. Hatumi hata vocha. Ana sauti kubwa kuliko familia nzima tukikutoa wewe, na anaitumia ovyo. Anawika watu ndio kwanza wamelala, anawika mchana, anawika akiona baiskeli. Na bado yeye anapewa chenga za mchele mkononi, anaitwa "baba", wakati mimi niliyezaliwa nikipiga simu naambiwa Riziki sema mama amelala. Nani mtoto pale? Nimefikiri sana hili jambo na nimeona haki ni moja: Mwenyekiti auzwe, sauti inunue sauti. Bei yake ndiyo hasa hiyo nusu, nimeulizia sokoni kwa kuonyesha ukubwa wake kwa mikono, na mikono sikuitanua sana.

Ukikataa nitaelewa. Ila nitajua sasa kwamba katika nyumba yetu mwenye manyoya anatangulia.

Hayo ndiyo malalamiko, na Mustafa wa bodaboda anayekuletea barua hii anarudi mjini Ijumaa, kwa hiyo ukimpa jogoo amfunge miguu vizuri, safari iliyopita alifika na kamba tupu.

Nisalimie mjomba, mwambie lile panga lake nililoazima sijalisahau. Nisalimie jirani aliyekutunzia sufuria, nisalimie mbuzi, na wa ng'ambo wakiinua vichwa nao wapungie mkono. Mwenyekiti msalimie pia, ila usimwambie nimeandika nini.

Ni mimi mwanao uliyenizaa kwa sauti ya chini,
Sudi.

Nyongeza: Mama, bahasha usiishangae, nimeibandika kwa ugali kwa sababu nimeifungua tena. Hapa naandikia juu ya siti ya pikipiki ya Mustafa, na yeye amesimama ananuna.

Imekuwa hivi. Mustafa alikuja, tukaongea, akawasha chombo akaondoka, barua nimebaki nayo mkononi. Nikakimbia. Akawa ameshafika kona, nyuma ya lori la korosho linaloenda bandarini, honi zinapigwa, kipaza sauti cha Lukasi nacho "Kiroboto! Kiroboto!" Nikaona basi, anaondoka, Jumamosi inanikuta hivi hivi. Mdomo ukafunguka wenyewe, sijui kilichotokea. Nimesikia tu:

"Mustafaaa! Huna kwenu weweee?"

Mama, ilikuwa ni wewe. Wewe kabisa, wa mlangoni, wa jioni.

Mustafa alifunga breki. Lori lilifunga breki. Chikongola nzima ikanyamaza. Watu wazima wenye ndevu wamesimama, kila mmoja anajitazama alikosea wapi. Mzee mmoja alikuwa anachagua nyanya, akaziacha, akaanza kwenda nyumbani. Lukasi alizima kipaza sauti chake, nadhani alijua ameitwa yeye.

Wote wakanigeukia, na mimi mkononi nina barua na pakiti ya dawa. Aibu ikanishika, nikakosa pa kuweka macho, nikamtazama yule panya aliyechorwa kwenye pakiti. Nikamwambia yeye sasa, kwa sauti ile ile: "Na wewe panya! Huna kwenu?"

Walivyocheka, mama. Walikuja wanacheka na mikono imeshaingia mifukoni. Nikamgeukia kunguni wa kwenye pakiti, nikamuuliza na yeye kwao wapi. Hakuna aliyekasirika, maana anayesemwa ni kunguni, amebandikwa kwenye pakiti na hana wa kumtetea. Mpaka yule mama wa Rahaleo alikuja, akasogea karibu, akasema taratibu, "Nipe mbili. Ni za jirani." Dawa imeisha yote. Mzee Zainulabedin ametoka ndani akaniletea kiti cha kukalia, na ile karatasi ya SUDI ameitoa kwenye kipaza sauti ameibandika kwenye baraza. Na Lukasi amevuka barabara, amekiweka chake miguuni kwangu, ananiomba nikisemee mimi.

Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba moja mpaka sita, Riziki angekuwa na huruma asingeyasoma. Mwenyekiti asiuzwe. Mpe chenga zake, mwite baba.

Jambo moja tu mama. Maneno yale ni ya kwako na sauti ni ya kwako, hilo nakubali mbele ya Mustafa. Ukiona una haki ya kugawiwa chochote, nipigie tu. Ila ukianza na "mwanangu naomba", nakwambia mapema usije ukalaumu: mtandao wa Chikongola nao siku hizi unakatikakatika.