Mashine Yangu Inaumwa Tena

Jumatatu, 3 Machi

Mashine yangu ya kukata nyasi imekufa tena. Nimeiua mwenyewe. Nilipaka plagi masizi ya sufuria, nikaibeba mashine begani hadi kwa Fundi, uso wa msiba. Mpango wa wiki nzima! Fundi akachomoa plagi, akaifuta kwa tambara, akavuta kamba mara moja. Ikanguruma. Hata benchi sijalipasha joto. Akaniambia niende kazini, kaka. Kaka! Miezi saba nampenda mwanamke huyu, na yeye ananiita kaka.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, ameuliza nani amekwangua sufuria yake. Nikasema huenda panya.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa pili. Injini yangu ni ya mipigo miwili. Haina oili yake pembeni. Inakunywa oili iliyochanganywa na petroli. Fundi hupima kifuniko kimoja cha oili kwa chupa ya petroli. Mimi nikatia vitano. Moshi! Pale shuleni ninapokata nyasi, mwalimu alitoa darasa zima nje.

Fundi akafungua eksozi, akakwangua masizi nusu saa. Nusu saa nzima! Ana kovu dogo kwenye kidole gumba. Nilitaka kumwuliza alilipataje, nikauliza kama mvua itanyesha.

Kisha akaja muuza spea, na pikipiki yake inayong'aa. Akakaa kwenye benchi langu. Yule ana sababu ya kuja: analeta plagi, analeta ringi. Mimi sababu zangu lazima nizivunje kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Sikwenda. Siku haina ladha. Nilikata nyasi za hospitali nikijiuliza Fundi anakula nini saa hizi, na anacheka na nani.

Kuzidisha oili kulinipa nusu saa. Je, nikiiondoa kabisa? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alasiri nikatia petroli tupu. Mashine ikawa nyepesi, ikaenda mbio, nikaisifu. Baada ya dakika kumi ikalia kiii, ikasimama. Kamba haivutiki. Mashine hii ndiyo inayonilisha. Nilikaa kwenye nyasi nikaogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amekasirika kweli. Alinionyesha pistoni: imechunika kama goti la mtoto. Akasema oili ndiyo inayoitelezesha ndani ya silinda. Bila oili ni chuma kwa chuma. Akasema safari hii haitengenezi yeye. Nitatengeneza mimi, yeye ataelekeza.

Siku nzima! Vichwa vyetu viwili juu ya bakuli moja la skrubu. Akaeleza: pistoni ikipanda, juu inabana mchanganyiko wa petroli na hewa, na chini inavuta mwingine. Plagi inachoma. Pistoni ikishuka, moshi unatoka upande mmoja na mchanganyiko mpya unaingia upande wa pili, papo hapo. Kupanda, kushuka, basi.

Nilielewa mara ya kwanza. Nikasema sijaelewa. Akaeleza tena. Nikasema hapo kwenye kushuka pananipita. Mara ya nne alieleza akicheka, ameushika mkono wangu na kuupandisha na kuushusha, grisi mpaka viwikoni. Injini inavuta na kutoa kila mzunguko. Mimi miezi saba navuta tu, neno halitoki. Sikunawa mkono ule. Nimelala nao kifuani, na bado haunitoshi.

Ijumaa, 7 Machi

Muuza spea kaleta pistoni na silinda mpya. Akamshauri Fundi asijisumbue kunifundisha, kichwa changu ni eksozi iliyoziba. Wivu ukanipanda, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaeleza yote: kubana, kuvuta, kuchoma, kutoa, mpaka kwa nini injini hii haihitaji vali. Sikumeza hata mate. Nikafunga silinda mwenyewe, nikavuta kamba, ikawaka.

Muuza spea akaenda kuwasha pikipiki yake. Fundi akapiga makofi. Akasema nimeiva, sasa nitaitengeneza mwenyewe nyumbani, hakuna haja ya kuhangaika kuja. Mjinga mimi! Mdomo uliponza kichwa. Nimekula chakula cha jioni bila kujua ni nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipita kushukuru. Fundi alinitazama sana. Akasema mashine za watu huharibika kazini, ila yangu huharibika ikiwa njiani kuja kwake. Nikamweleza barabara ni mbovu. Akashusha pumzi. Akasema Jumatatu anafunga saa kumi. Nije, ila nije bila mashine.

Nilipomsimulia dada, alinikumbatia. Nikauliza kuna nini. Akasema asiyejua maana haambiwi maana, akaenda kunipigia pasi shati.

Nimefikiri sana. Ameichoka mashine yangu. Ana haki. Lakini fundi utamwendeaje mikono mitupu?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeazima pampu ya maji ya jirani. Mipigo miwili pia! Nikaipa petroli tupu, ikakaba vizuri kabisa.

Fundi alikuwa mlangoni, kufuli mkononi. Gauni la kijani, nywele zimesukwa upya, hana ovaroli. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikajua ana safari, nikamwahidi sitamchelewesha. Akaitazama pampu. Akanitazama mimi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimefuata maagizo, mashine nimeiacha nyumbani.

Akaweka kufuli chini. Kisha akafungua mlango, akavaa ovaroli juu ya gauni, akasema pampu itakuwa tayari Jumatano.

Jumatano! Nitamwona tena Jumatano! Na baada ya hapo? Mzee wa mtaa wa nyuma ana msumeno wa injini. Kesho nakwenda kuuazima.