Kamati ya Ukoko

Mwaka wa 1991, Idara ya Mielekeo ya Wanunuzi na Upokezi wa Vyombo vya Kisasa iliutangazia umma kwamba watu wa Likoni walikuwa tayari kuingia karne ya ishirini. Kwa kuwa karne yenyewe ilikuwa imebakiza miaka michache tu, haraka ilihitajika.

Chombo cha kuwaingiza kilikuwa sufuria ya umeme. Mkurugenzi wa Idara, Bwana Garama, aliiona safarini ng'ambo. Mwenyeji wake alitia mchele na maji, akabonyeza kidude, wakaketi kuzungumza, na walipogeuka wali ulikuwa umeiva na taa ndogo inawakonyeza. Bwana Garama hakuwahi kupika maishani mwake, kwa hiyo jambo hilo lilimgusa sana. Akaagiza kontena zima. Kontena likafika bandarini Kipevu, likatolewa, na hapo ndipo Idara ilipokumbuka kwamba si vibaya kuwauliza wananchi kama wanazitaka.

Kazi hiyo akapewa Bwana Kefa, Afisa Mwandamizi wa Mielekeo, kijana wa Voi aliyevaa tai hata Jumapili na kuiamini Idara kama mgonjwa anavyoamini dawa. Kabla hajaondoka alikabidhiwa matokeo ya utafiti, yaliyokuwa yamekwisha pigwa chapa. Yalisema wananchi wameipokea sufuria ya umeme kwa shangwe. Kilichobaki ni kwenda kuitafuta hiyo shangwe. Na asipoipata, Bwana Garama alimwambia kwa upole, kituo chake kijacho kitakuwa mahali pasipo stima wala mchele.

Kefa akavuka na feri, pikapu imejaa sufuria, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanatatu, mpishi wa harusi na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke ambaye hata chifu humwamkia kwanza. Akazigawa sufuria kwa nyumba zenye stima, kila mmoja akapokea kwa bismillahi.

Baada ya juma moja alirudi kukusanya mielekeo. Katika nyumba ya kwanza sufuria ilikuwa kabatini sebuleni, ndani ya nailoni yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kando ya picha ya harusi. Mwenye nyumba alisema ni nzuri mno, haifai kupikia. Kefa akaandika: wameridhika. Katika nyumba ya pili ilikuwa imetiwa unga, kwa sababu kifuniko chake kinakaza na mende hawapiti. Akaandika: matumizi yamepanuka. Katika nyumba ya tatu kuku alikuwa akiatamia mayai ndani yake. Kefa alihakikishiwa kwamba stima haijaunganishwa. Akaandika: uzalishaji umeanza.

Kwa Bi Mwanatatu ndiko mambo yalikoharibika, maana yeye alikuwa ameipikia.

"Wali umeiva, sina neno," alisema. "Lakini mwanangu, ukoko uko wapi?"

Kefa alimweleza kwamba sufuria hii haiunguzi, na kwamba kukosa ukoko ndio ubora wake. Bi Mwanatatu akaitazama sufuria kama posa iliyokuja bila mshenga.

"Basi mmetuletea sufuria isiyojua kumaliza kazi."

Akamfahamisha kwamba ukoko ni wa watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani, ni wa mpishi aliyeungua na moshi, na ni wa mkwewe, Bi Mwanabibi, ambaye hana jino hata moja na huuloweka kwenye chai. Nyumba isiyokuwa na ukoko, wallahi, watu wakishakula watagombania nini?

Fomu ya Kefa haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Akaripoti makao makuu.

Idara ilishtuka. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Ukoko, nayo ikajifungia katika hoteli moja ya ufuoni Nyali, mahali pasipo na ukoko wa kuvuruga fikra. Baada ya vikao vingi na kamba wa kukaanga wengi zaidi, ilitoa fasili: ukoko ni masalio ya mchele yaliyovuka kiwango cha uivaji kilichoruhusiwa. Ikagundua pia kwamba ukoko si chakula. Ni mwelekeo, tena mwelekeo mbaya. Kuanzia siku hiyo, yeyote atakayekutwa Likoni akikwangua sufuria atalazimika kununua ya umeme papo hapo. Bwana Garama akatia sahihi.

Utekelezaji ulikabidhiwa askari wa chifu aitwaye Nzai, kijana mwembamba kama ufito. Kila adhuhuri Nzai alipita nyumba kwa nyumba, pua mbele. Lakini hakuna aliyekamatwa. Kefa alipomuuliza, Nzai alijibu kwa unyofu kwamba ushahidi hupatikana kila siku, ila haufiki kituoni. Kefa akamsifu kwa bidii yake. Aliona pia kwamba sare ya Nzai ilikuwa inaanza kumbana.

Kilichofuata hakikuwa katika makadirio. Ukoko ulipopigwa marufuku, ukapendwa. Watu waliokuwa wakiwatupia kuku sasa waliutafuta kwa kunong'ona. Madereva wa malori wa Changamwe waliuagiza umefungwa gazetini. Kutoka Kisauni walikuja watu wenye magari, vioo wamevipandisha, wakiulizia "kile cha chini". Bi Mwanatatu akawa anapika asubuhi na jioni kwa ajili ya ukoko tu. Ukinunua ukoko, wali unaongezwa bure. Sufuria za umeme zikakaa ghalani. Kefa akaandika: soko limechangamka.

Makao makuu waliposoma hivyo, Bwana Garama alikata shauri kuja kuzizindua sufuria mwenyewe. Hema likapigwa katika uwanja wa shule, wageni waheshimiwa wakaketi, na mbele yao sufuria za umeme zikapangwa safu zikikonyeza. Wananchi walikuwa wengi, na Kefa, akihofia chakula hakitatosha, alikuwa amemsihi Bi Mwanatatu awapikie waliobaki. Bi Mwanatatu alikubali, ila kwa kuni, jikoni kwake, nyuma ya uwanja.

Bwana Garama alihutubu kwa kirefu. Alisema ukoko ni ndugu wa ujinga, umaskini na maradhi, na kwamba yeye tangu azaliwe hajaugusa. Makofi yakapigwa. Wali wa umeme ukapakuliwa, mweupe, laini, usio na kosa lolote, na watu wakaula kama wanaomeza dawa.

Halafu upepo ukageuka. Harufu ya tui lililoshika chini ikaingia hemani. Bwana Garama aliacha kutafuna. Akasema anakwenda msalani mara moja.

Hakurudi. Wageni walitaka picha, Kefa akatumwa kumtafuta. Kabla hajamwona alimsikia, kwa maana sauti ya kijiko kwenye sakafu ya sufuria haifichiki: kwaru, kwaru, kwaru. Alimkuta Mkurugenzi jikoni kwa Bi Mwanatatu, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, tai ameitupa begani, sufuria ameipakata, masizi mpaka masikioni. Bi Mwanatatu alikuwa amesimama kando na birika la maji ya kunawa, maana mgeni ni mgeni.

"Ninakagua," alisema Bwana Garama, mdomo umejaa.

Kefa alitoa kalamu aandike kwamba ukaguzi unaendelea, lakini Nzai alikuwa ameshaingia. Sufuria ile ilikuwa fungu la Nzai. Bi Mwanatatu humwekea kila siku. Nzai aliiona imekwanguliwa yote, akavaa kofia vizuri, na kwa mara ya kwanza akaikumbuka sheria.

"Mheshimiwa, tafadhali simama."

"Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Ndiwe uliyetia sahihi."

Bwana Garama akamgeukia Kefa. Kefa alikifikiria kile kituo kisicho na stima wala mchele, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba taratibu za Idara hazina budi kufuatwa.

Hivyo ndivyo sufuria ya kwanza ya umeme ilivyouzwa Likoni. Ya pili na zilizofuata zilinunuliwa na wageni waheshimiwa, waliokuja kuuliza kulikoni, wakaona hawawezi kulielewa tatizo bila kulionja. Alasiri msafara ulivuka feri, kila mkubwa amepakata yake. Kefa aliandika kwamba mauzo yameanza, na kwamba mwitikio mkubwa zaidi umeonekana miongoni mwa maafisa. Ripoti hiyo haikurudishwa na masahihisho yoyote.

Uwanja ulipotulia, Bi Mwanatatu alifunua sufuria nyingine iliyokuwa haijaguswa, akambandulia Kefa kipande kikubwa. Kefa alikishika akasita. Alikuwa anaoa Desemba, na kwao walimfundisha tangu utotoni kwamba mla ukoko hunyeshewa na mvua siku ya harusi yake. Akauliza kama ni kweli.

"Kweli tupu," alisema Bi Mwanatatu. "Kwa hiyo kula sana, mwanangu. Mihogo yangu inakauka."